Uko majuu, pasipoti inaisha na kitambulisho hakionekani? Jipange hivi

Pasipoti ya Kenya ya mtu mzima hudumu miaka 10. Inasikika mingi, mpaka siku unaambiwa kibali chako cha kazi hakiongezwi kwa sababu pasipoti imebakisha miezi minne tu. Unapekua sanduku. Kitambulisho ulikipoteza kitambo kabla hujapanda ndege. Cheti cha kuzaliwa kilibaki kwa ajenti. Mathe ocha anasema ameangalia kila mahali na hajaona kitu.

Hapo ndio wasee wengi hupanic na kuanza kutafuta mtu wa "kuwasaidia" kwa Facebook. Tulia kwanza. Weka hii kwa akili: kadi ndiyo imepotea, rekodi yako bado iko. Serikali ilichukua alama zako za vidole ulipopewa kitambulisho, na jina lako liko kwa mafaili yake. Kazi yako ni kuunganisha karatasi moja hadi nyingine mpaka wakutambue tena. Tena kuna mpangilio wake. Ukiruka hatua, unarudishwa mwanzo.

Miezi sita ndiyo mwisho wako halisi

Usiangalie tarehe iliyoandikwa kwa pasipoti peke yake. Nchi nyingi hazikuruhusu kuingia kama pasipoti imebakisha chini ya miezi sita, na mashirika ya ndege yanaweza kukukataza kupanda. Kwa hivyo hesabu pasipoti yako kama imekufa miezi sita kabla ya tarehe yake. Kama pia hauna kitambulisho, anza mwaka mzima kabla. Kitambulisho kinaombwa Nairobi, na foleni ya pale haijui haraka yako.

Na kama bado uko na ile pasipoti ya zamani isiyo ya kielektroniki, hiyo ilishaondolewa. Kenya ilianza kutoa pasipoti za kielektroniki mwaka wa 2017, na baada ya kuongezewa muda mara kadhaa, zile za kitambo zilifika mwisho Novemba 2022.

Tafuta namba kwanza

Kwa kitambulisho kuna namba mbili, na watu huzichanganya sana. Kuna namba ya kadi, ile serial, ambayo hubadilika ukipewa kadi mpya. Halafu kuna namba ya kitambulisho chenyewe. Hii ya pili ni yako mpaka kaburini, hata ukipoteza kadi mara tano.

Kama hauikumbuki, angalia ukurasa wa pasipoti wenye picha yako, sehemu ya namba binafsi. Pia pekua mkataba wa kazi, fomu za benki, na barua pepe ulizotumia ajenti kabla usafiri. Wasee wengi hupata picha ya kitambulisho chao kwa WhatsApp ya zamani, ile waliyotumia landlord ama mtu wa sacco.

Ukipata hiyo namba, nusu ya vita imeisha.

Vitu utaitishwa

Maombi yanaanzia eCitizen. Unajaza fomu, unalipa, unaichapisha, halafu unaenda mwenyewe kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Brathako hawezi kukuendea Nyayo House. Vidole ni vyako. Kwa kawaida unahitaji:

1. Fomu iliyojazwa na risiti ya malipo.
2. Pasipoti ya zamani, yenyewe na nakala.
3. Kitambulisho cha kitaifa na nakala.
4. Cheti cha kuzaliwa na nakala.
5. Picha za pasipoti.
6. Mdhamini Mkenya anayekujua, na nakala ya kitambulisho chake.

Ada zilipanda Machi 2024, na pasipoti ya kurasa 34 ikafika Sh7,500 kwa anayeomba akiwa Kenya. Ukiwa nje, ubalozi una bei zake kwa pesa za nchi ulipo, kwa hivyo angalia tovuti yao kabla ya kulipa.

Rada ndogo: kodi ya kuingia eCitizen inaweza kutumwa kwa ile laini ya Kenya uliyoiacha. Kama laini ilizimwa, rekebisha namba na barua pepe kwa akaunti yako mapema, sio usiku wa kuamkia siku yako ya ubalozini.

Kama kitambulisho ndicho kimepotea

Ripoti kwa polisi wa hapo ulipo na uchukue karatasi. Kama kilipotelea Kenya na unarudi karibuni, pata ripoti ya polisi ukifika, halafu uombe kingine kwa ofisi ya usajili wa watu. Hiyo ndiyo njia fupi.

Kama haurudi karibuni, uliza ubalozi kuhusu kuomba kitambulisho ukiwa huko. Wanakuchukua vidole kwa karatasi, fomu inatumwa Nairobi, na kadi inarudi kupitia ubalozi. Inachukua miezi. Wakati unangoja, shikilia ile karatasi ya kuonyesha umeomba, na uulize afisa kwa maandishi kama atakubali hiyo pamoja na namba yako na pasipoti ya zamani. Jibu la barua pepe unaweza kulionyesha dirishani. La mdomo linasahaulika.

Kama ni cheti cha kuzaliwa

Hii ndiyo rahisi kidogo, kwa sababu mtu wa familia anaweza kukukimbilia. Kama kuzaliwa kwako kulisajiliwa, nakala mpya inaombwa kwa ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, na ombi linaweza kuanzia eCitizen. Tuma majina yako kamili, tarehe na mahali ulizaliwa, na majina ya wazazi venye yaliandikwa.

Kama haukuwahi kusajiliwa, kuna usajili wa kuchelewa. Hapo mathe atahitaji ushahidi: kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo, cheti cha shule, vitambulisho vya wazazi, na kawaida barua ya chifu. Mwambie aanze leo.

Chunga majina. Kama cheti kinasema Achieng na kitambulisho kinasema Atieno, utasimamishwa dirishani. Herufi moja inaweza kueleweka kwa hati ya kiapo. Jina zima likibadilika, utahitaji wakili kufanya mabadiliko rasmi ya jina. Usijaribu kuchora herufi na kalamu. Hiyo ni kesi.

Bosi amekalia pasipoti

Hii ni ya wasee na masista wa Ghuba. Saudi Arabia, Qatar na Emirates zote sheria zao zinakataza mwajiri kuzuia pasipoti ya mfanyakazi. Na pasipoti ya Kenya ni mali ya serikali ya Kenya, si ya bosi, si ya ajenti.

Lakini usiende polisi kusema imepotea na unajua iko kwa kabati ya madam. Huo ni uongo kwa maandishi, na pasipoti ikitokea, wewe ndiye mwenye shida. Sema ukweli: imezuiliwa na fulani, tangu tarehe fulani. Andikia ubalozi hivyo, na upeleke malalamiko kwa wizara ya kazi ya nchi hiyo. Weka jumbe zote ulizoomba pasipoti ukanyimwa. Hizo ndizo ushahidi.

Kama imepotea kweli ama imeibiwa, pata ripoti ya polisi wa huko, andika maelezo ya venye ilipotea, na uapishwe. Jua kwamba kuibadilisha ni ghali kuliko kuomba upya ya kawaida, na maswali ni mengi.

Unaenda wapi?

Sio kila ubalozi una mashine za kuchukua picha na vidole vya pasipoti ya kielektroniki. London, Washington DC, Berlin, Paris na Dubai ni kati ya vituo vya kwanza kupewa. Kwingine, maafisa hutembea mji kwa mji na mashine, na tangazo huwekwa kwa kurasa za ubalozi. Kama nchi yako haina ubalozi wetu, kuna ubalozi wa nchi jirani unaoisimamia. Piga simu kabla ununue tiketi ya treni.

Kumewaka na lazima urudi

Mzazi ameaga ama umefukuzwa kazi, na hauna pasipoti. Omba cheti cha dharura. Ubalozi unakitoa kwa safari moja tu, ya kurudi Kenya. Ukishuka JKIA kimemaliza kazi, na pasipoti utaiomba ukiwa nyumbani.

Lakini cheti hiki hakifuti shida za huko. Kama iqama yako imeisha, ama bosi wa Saudia ameripoti kwamba umetoroka, ile wanaita huroob, bado utahitaji ruhusa ya kutoka kutoka kwa nchi yenyewe. Waambie ubalozi mapema ili washughulikie zote mbili pamoja.

Uko na uraia wa pili?

Tangu Katiba ya Agosti 2010, Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine. Unatakiwa kuutangaza ndani ya miezi mitatu. Kama ulichukua wa nje kabla ya hapo, uliupoteza wa Kenya, na lazima uombe kuurudisha ndipo uzungumzie pasipoti.

Mabroka wapite mbali

Atakayekuambia "tuma doh, utapata bila vidole" anakuibia ama anakuuzia pasipoti feki. Ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu inashikwa ukiwa airport, na wewe ndiye umeibeba. Lipa kwa eCitizen ama kaunta ya ubalozi, na uchukue risiti.

Na ukinyimwa bila sababu, taja Kipengele cha 12 cha Katiba kwa heshima: kila raia ana haki ya pasipoti na vitambulisho vya serikali. Omba sababu iandikwe.

Leo hii kabla ulale, piga picha ukurasa wa pasipoti, kitambulisho pande zote mbili na cheti cha kuzaliwa. Jitumie kwa barua pepe, na umtumie mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini. Halafu mtumie hii beshte yako aliye Riyadh ama Doha. Kuna mmoja saa hii anapekua sanduku.