Sataranji: Ufunguzi wa Fischer uliomduwaza Spassky

Mnamo Julai 23, 1972, jijini Reykjavik, Iceland, Bobby Fischer wa Marekani na Boris Spassky wa Muungano wa Usovieti walikabiliana katika mchezo wa sita wa kuwania ubingwa wa dunia wa sataranji. Kila mmoja alikuwa na alama mbili na nusu. Fischer alikuwa ameshindwa mchezo wa kwanza na kupokonywa wa pili kwa kutofika, kabla ya kujikwamua katika mitatu iliyofuata.

Kilichowashangaza wengi ni hatua ya kwanza. Kwa miaka mingi, Fischer alipopewa kete nyeupe, karibu kila mara alianza kwa kumsogeza askari aliye mbele ya mfalme. Kwa hivyo, aliyejiandaa kumkabili alijua pa kuanzia. Siku hiyo alimsogeza askari wa tatu kutoka kushoto, na punde mchezo ukaingia katika ufunguzi uitwao Kafara ya Malkia.

Licha ya jina hilo, malkia hatolewi kafara. Mwenye kete nyeupe humweka askari mahali anapoweza kuliwa, nia ikiwa kumvuta askari wa mpinzani atoke katikati ya ubao.

Spassky alikikataa chambo hicho na kutumia ulinzi wa Tartakower, aliokuwa akiufahamu vyema. Fischer alibadilishana naye kete kadhaa hadi Spassky akabaki na askari wawili waliosimama bega kwa bega bila askari mwenzao wa kuwalinda. Katika hatua ya 20, Spassky alimsukuma mmoja wao mbele, na hivyo kumpa askofu wa Fischer njia ya kumwelekea mfalme. Katika hatua ya 38, Fischer alitoa ngome yake ili amle farasi na kubomoa ukuta uliomkinga mfalme huyo. Hatua tatu baadaye, Spassky alisalimu amri.

Ukumbi ulirindima kwa makofi, naye Spassky akajiunga na waliompongeza mpinzani wake.

Kwa mara ya kwanza, Fischer aliongoza. Hatimaye alitwaa taji kwa alama 12.5 dhidi ya 8.5, na kukatiza utawala wa mabingwa wa Usovieti uliodumu tangu 1948. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Aliyeyaacha yake ndiye aliyevuna.