Mfupa Ulioliwa na Ugonjwa wa Fizi: Je, Unaweza Kurudi?

Huenda umewahi kuambiwa kwamba kila mimba huondoka na jino. Si kweli. Mtoto aliye tumboni hachukui madini kwenye meno ya mama. Jino la mtu mzima likilegea, sababu ya kawaida ni ugonjwa wa fizi.

Mfupa hupoteaje?
Ukoga usiposafishwa hugeuka kuwa ugaga mgumu. Fizi huvimba, hutoka damu, kisha huachana na jino na kufanya mfuko. Ndani ya mfuko huo mfupa unaoshikilia jino huliwa polepole, mara nyingi bila maumivu. Mfupa huo haurudi wenyewe.

Matibabu huanzia wapi?
Kwanza daktari husafisha meno hadi chini ya fizi, kisha hukupima tena baada ya wiki kadhaa. Wengi hupona kwa hatua hii tu. Mfuko ukibaki na kina, na picha ya eksirei ikionyesha shimo kwenye mfupa, anaweza kushauri kupandikiza mfupa.

Hufanywaje?
Unapigwa sindano ya ganzi. Daktari hufunua fizi, husafisha mzizi, hujaza shimo kwa chembechembe za mfupa na kushona. Wakati mwingine huweka utando mwembamba juu yake ili nyama ya fizi isiwahi kujaza nafasi ya mfupa.

Chembe hizo zinaweza kutoka kwenye taya lako mwenyewe, kwa mtu aliyejitolea mfupa wake, kwa mnyama kama ng'ombe, au zikatengenezwa kiwandani. Za watu na wanyama husafishwa na kuuawa vijidudu kwanza. Kama dini yako ina masharti, uliza zimetoka wapi kabla hujakubali.

Tarajia nini?
Mfupa huchukua miezi 6 au zaidi kukomaa. Shimo jembamba lenye kina hujaa vizuri kuliko pale mfupa uliposhuka kote kwa usawa. Mara chache hurudi wote. Lengo ni jino libaki mdomoni. Uvutaji wa sigara na kisukari kisichodhibitiwa hupunguza mafanikio.

Ukiwa mjamzito
Usafishaji wa meno ni salama na usiuahirishe. Upandikizaji kwa kawaida husubiri hadi ujifungue. Kama unanyonyesha, au unatumia dawa yoyote, mwambie daktari.

Baada ya upasuaji
- Kula vyakula laini, kama uji uliopoa, na utafune upande wa pili.
- Usipige mswaki penye mshono mpaka uruhusiwe. Sukutua kwa dawa uliyopewa.
- Chembe chache zikitoka, usiogope.
- Rudi haraka ukiona usaha, homa, damu isiyokoma au uvimbe unaoongezeka baada ya siku 3.

Fizi ikitoka damu unapopiga mswaki, usiache kupiga mswaki. Nenda ukapimwe mapema, mfupa ungali upo.