Core i5 au i7? Soma namba hizi kabla hujaongeza hela

Mwanza. Mwanafunzi wa Malimbe akishapokea bumu na kushuka mjini kutafuta kompyuta mpakato iliyotumika, swali la kwanza dukani huwa ni hili: unataka Core i5 au i7? Bei zinapishana, na wengi wanaamini i7 ndiyo yenye spidi.

Kwa matumizi ya kawaida, tofauti hiyo ni ndogo kuliko inavyosemwa. Kama hela ni ya kubana, ianzie kwenye kizazi cha prosesa, diski, RAM na betri.

Namba zinasemaje?

Chukua mfano wa HP EliteBook 840 G5. Ilitengenezwa ikiwa na chaguo la i5-8250U au i7-8550U, prosesa ambazo Intel ilizitoa mwaka 2017. Zote zina viini vinne na zimepangiwa wati 15. Ya i5 hufika kilele cha gigahetsi 3.4, ya i7 hufika 4.0.

Kwenye karatasi i7 iko juu kwa takriban asilimia 18. Maana yake, kazi ya dakika 10 kwenye i5 ingechukua kama dakika nane na nusu kwenye i7, tena iwapo itakaa kwenye kilele muda wote. Haikai. Kazi nzito ikiendelea mashine inapata moto, na prosesa inapunguza mwendo ili ijilinde. Kwa kuwa zote zina wati 15 zilezile, pengo linazidi kuwa dogo.

Ukiwa unaandika ripoti kwenye Word au kufungua tovuti, prosesa zote mbili hutumia muda mwingi zikikusubiri wewe au intaneti. Na i7 haiongezi spidi ya bando.

Kizazi ndicho cha kutazama

Soma namba inayofuata baada ya kistari: i5-8250U ni kizazi cha 8, i7-7500U ni cha 7. Hiyo i7-7500U ina viini viwili tu, hivyo kwenye kazi nzito inaachwa na i5 ya kizazi cha 8. Hapa ndipo jina "i7" linapompoteza mnunuzi.

Kuna na suala la usalama. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel kwa kawaida inaanzia kizazi cha 8. EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6 na G4 ni cha 7. Hata zikiwa na i7, haziko kwenye orodha ya Microsoft.

Hela iende wapi?

- SSD. Diski ya zamani inayozunguka husoma takriban MB 100 kwa sekunde, SSD ya kawaida hufika 500. Tofauti utaiona tangu unapowasha mashine.
- RAM. Ikijaa, mashine inaanza kuazima nafasi kwenye diski, na hapo ndipo inapoganda. Lenga GB 8 au zaidi. EliteBook 840 G5 ina nafasi mbili za RAM, fundi anaweza kuongeza.
- Betri. Umeme ukikatika, au ukiwa kisiwani Ukerewe unategemea sola, i7 yenye betri iliyochoka haikusaidii.

Kagua kabla ya kulipa

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua sehemu ya Performance. Utaona jina kamili la prosesa, RAM na kama diski ni SSD.

Kwa betri, fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, halafu fungua faili inayotajwa. Linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Kama ya pili ni nusu ya ya kwanza, betri imebakiza nusu ya uwezo wake.

Nani anahitaji zaidi?

Anayehariri video au kuchora majengo kwa 3D. Huyo naye atafute prosesa yenye herufi H mwishoni. Mfano, i7-8750H ina viini sita na wati 45. Ajiandae tu, chaji itaisha haraka.

Kwa wengine, uliza bei tatu dukani: nyongeza ya kutoka i5 kwenda i7, bei ya kuongeza RAM, na bei ya SSD. Kama nyongeza ya i7 inatosha kununua kitu ambacho mashine haina, chukua i5 ukaiongezee. Mashine mbili zikilingana kwa kila kitu na tofauti ya bei ni ndogo, i7 haina ubaya.