Shahada Mbili kwa Mara Moja
Mwanafunzi akiniuliza kama yafaa asomee shahada mbili pamoja, hunijia kwanza mithali ya mshika mbili. Lakini Kwame Nkrumah alizishika mbili, wala hapana iliyomponyoka. Mwaka 1942, huko Marekani, alihitimu theolojia katika Chuo cha Lincoln na uzamili wa elimu katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, mwendo wa zaidi ya kilomita 60 baina yao. Wala hakuwa na mali: tangu afike mwaka 1935 alikuwa ameuza samaki na kuosha vyombo ili apate riziki.

Mwaka 1945 alikwenda London, akajiandikisha kwa sheria na kwa udaktari. Safari hii hakupata hata moja. Akili haikumpungukia, Oktoba ile alikuwa miongoni mwa makatibu wa Mkutano wa Umoja wa Waafrika uliofanyika Manchester, na siasa ikamtwaa mchana na usiku. Mwishoni mwa 1947 akarejea Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo.

Basi mwanafunzi simwulizi nguvu zake. Namwuliza jambo la tatu alilo nalo. Mmoja alinyamaza kitambo, kisha akanitajia mama yake mgonjwa.