Elburgon Imepasua Mbao Miaka Mia. Mbona Kabati Lako Limetoka China?

Leo ukifika kwa keja, inama uangalie stendi yako ya TV. Usiangalie mbele penye inang'aa, angalia nyuma. Utaona kibao chembamba kama kadibodi, na ukiwa na bahati utapata kistika kinachosema imetengenezwa wapi. Kwa wengi wetu hapa Nakuru, hiyo stendi ilivuka bahari ndani ya kontena, ikashushwa Mombasa, ikapanda lori mpaka dukani. Na kutoka hapo dukani hadi Elburgon, mji uliojengwa na mbao, ni mwendo wa matatu usiofika hata saa moja na nusu.

Hiyo safari haileti maana, na watu hupenda kuieleza kwa jibu rahisi: "Wachina wako na bei poa" ama "mafundi wetu ni wavivu." Mimi nasema jibu liko kwa historia. Tangu mwanzo, biashara ya mbao hapa kwetu ilipangwa itoe miti msituni haraka. Kutengeneza vitu hapahapa hakukuwa kwa mpango, na mahali kulikuja baadaye, serikali ilikuwa inafunga na kufungua msitu kama duka la mtaani.

Tuanze na reli. Reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwisho wa 1901 ikagonga ziwa pale Kisumu, enzi hizo ikiitwa Port Florence. Shuleni tulifunzwa simba wa Tsavo mpaka tukachoka. Kitu hatukuambiwa sana ni kwamba garimoshi lenyewe lilikuwa linakula kuni. Makaa ya mawe yaliletwa na meli na yalikuwa ghali, kwa hivyo msitu wa kando ya reli ndio ulikuwa petroli. Na ukitoka Nakuru, reli inapanda Njoro, Elburgon, Molo hadi Mau Summit, yaani inapasua katikati ya msitu wa Mau, uliokuwa umejaa mitarakwa na podo.

Ndani ya huo msitu kulikuwa na wenyewe. Waogiek waliishi humo kwa asali na uwindaji. Ofisi ya mkoloni iliona stoo ya serikali, na wao wakahesabiwa kama watu wamejiingiza kwa stoo. Hiyo hesabu ilibaki hata baada ya uhuru. Ni tarehe 26 Mei 2017 ndipo Mahakama ya Afrika kule Arusha iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki zao. Nawataja mapema kwa sababu ukizungumzia mbao za Mau bila Ogiek, umeruka mlango ukaingilia dirisha.

Mlowezi mmoja kwa jina Ewart Grogan, yule aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, alianza kudai msitu wa Lembus mwaka 1904. Lembus ni huko upande wa Eldama Ravine na Maji Mazuri. Mabishano yakavutwa miaka mingi, leseni ikatiwa sahihi 1916. Watugen walikuwa wanalisha mifugo humo kitambo, na ilibidi mwaka 1923 serikali iandike rasmi kwamba bado wana haki zao ndani ya huo msitu. Mti mmoja, wenyewe watatu: kampuni, serikali na mwananchi. Hiyo fujo hatujaimaliza mpaka leo.

Sasa, mtarakwa ni mti wa maajabu. Haubunguliwi na mchwa kirahisi, ndiyo maana nguzo zake za ua bado zimesimama kwa mashamba ambayo mzungu aliondoka zamani. Pia mbao yake ni laini ya kuchongeka, kwa hivyo viwanda vya penseli vya Ulaya viliipenda sana. Huku ilipasuliwa vipande, ikapakiwa, ikaenda. Penseli yenyewe ikaundwa huko. Fikiria hiyo picha: mti umekua karne nzima Mau, kazi ya huku ni msumeno na mgongo, na sehemu yenye pesa, yaani kugeuza kipande cha mti kiwe kitu mtu ananunua dukani, inafanyika ng'ambo. Hiyo stendi yako ya TV ni mjukuu wa hiyo penseli.

Wakoloni waliona mapema kwamba miti ya asili haitatosha. Kuanzia karibu 1910 wakaleta mfumo wa shamba, wazo lililotoka Burma. Familia isiyo na ardhi inapewa kipande cha msitu kilichokatwa. Inalima mahindi, maharagwe na viazi, na katikati ya mimea inapanda miche ya serikali na kuipalilia. Miche ikikua ikaleta kivuli, familia inahamishiwa kipande kingine. Mshahara ulikuwa kidogo sana, lakini miti ilikuwa inashika vizuri kwa sababu kuna mtu anaitunza kila siku.

Miche hiyo haikuwa ya huku. Ilikuwa saiprasi na misonobari kutoka Mexico na sehemu zingine za Amerika. Kwa hivyo ile miti unaona ukielekea Molo, imesimama kwa mistari kama wanafunzi wa paredi, ni shamba kama la mahindi. Tofauti ni kwamba mavuno yake yanachukua miaka 25 hadi 30. Tafadhali shika hiyo namba, ndiyo itaeleza kila kitu huko mbele.

Miti iliyopandwa miaka ya 1940 na 1950 ikakomaa karibu miaka ya 1970, na hapo ndipo tulikaribia kutoboa. Pan African Paper Mills ikaanza kutoa karatasi kule Webuye mwaka 1974. Timsales ikawa jina kubwa Elburgon na Njoro, Comply wakatengeneza plaiwudi hapa Nakuru, Raiply wakawa Eldoret. Kwa mara ya kwanza gogo halikuwa linaondoka likiwa gogo. Lilikuwa linamenywa kama kitunguu, tabaka zinapigwa gundi, zinashinikizwa, zinatoka plaiwudi. Masazo yanasagwa yanakuwa chipbodi. Na kando ya hao wakubwa kulikuwa na mashine nyingi ndogo za kupasua mbao, kila moja na vijana wake wa kubeba, mwenye lori wake, mama wa chai wake, na fundi wa kunoa misumeno.

Mafundi wenyewe walikuwa na darasa lao. Wengi wa kizazi cha kwanza walifunzwa randa na patasi na mafundi Kalasinga, waliokuja na reli wakabaki mijini. Ufundi ukapita mkono kwa mkono, kutoka karakana moja hadi nyingine, bila cheti.

Halafu mambo yakaanza kuenda segemnege.

Mwisho wa miaka ya 1980 mfumo wa shamba ukapigwa marufuku. Sababu zilikuwepo, kwa maana kuna watu waligeuza msitu kuwa shamba la kudumu. Lakini serikali ilifukuza mpanda miti bila kuleta mwingine. Maeneo yaliyokatwa yakaanza kubaki wazi. Mwaka 1990 wadudu wanaonyonya saiprasi wakaingia nchini, miti ikakauka ikiwa imesimama. Mwaka 1999 serikali ikafunga ukataji katika misitu yake ya kupandwa, lakini ikaacha kampuni chache kubwa ziendelee, zikiwemo Pan Paper, Raiply na Timsales. Yaani mwenye mashine moja hapo Elburgon alifungiwa mlango huku akiona malori ya magogo yakipita mbele yake. Halafu 2001, serikali ileile iliyosema inalinda miti ikatoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki zigawanywe.

Webuye ikafunga 2009. Kwa wale mlio na wazee huko, hamhitaji mimi niwaambie mji ulibaki namna gani.

Tarehe 24 Februari 2018 ikaja amri nyingine. William Ruto, wakati huo Naibu Rais, alitangaza kusimamishwa kwa ukataji katika misitu ya umma kwa siku 90. Siku 90 zikaongezwa miezi sita, ikaongezwa mwaka, na ukifunga macho ukafungua ni zaidi ya miaka mitano. Mtu yuleyule, sasa akiwa Rais, akaifungua akiwa Molo tarehe 2 Julai 2023, akisema miti iliyokomaa inaoza msituni huku vijana hawana kazi. Mwezi uliofuata, kesi ya Chama cha Wanasheria ikafanya mahakama isimamishe tena kwa muda.

Nisieleweke vibaya. Mimi nakunywa maji ya huu mji. Mto Njoro unatoka Mau na unaingia Ziwa Nakuru, na mtu yeyote ameona huo mto wakati wa kiangazi anajua msitu si mchezo. Msitu wa asili uachwe peke yake, kwisha maneno. Lakini saiprasi ya miaka 30 iliyopandwa ikatwe si msitu wa asili. Ukifungia zote mbili kwa amri moja, yule mwizi wa mtarakwa anaendelea usiku kama kawaida, na mwenye leseni ndiye anauza mashine yake kama chuma kuukuu.

Na watu hawakuacha kutumia mbao hiyo miaka mitano. Malori yalikuwa yanaingia kutoka Tanzania. Ukienda Mufindi utapata shamba la miti la serikali la Sao Hill, kubwa kuliko mengine yote nchini humo, na miji kama Mafinga inaishi kwa hiyo biashara. Sisi tulikuwa na miti yetu imesimama, tukawa tunalipia usafiri wa miti ya jirani.

Sasa turudi kwa stendi yako ya TV, kwa sababu hapa ndipo watu hukosea. Wanasema fundi wa jua kali hajui kazi. Mlango wa keja yangu nilitengenezewa na fundi mtaani. Ulikuwa safi kabisa, vanishi kama kioo. Mvua ya Aprili ikanyesha, ukafura, ukagoma kufunga. Kiangazi kikaja, ukajikunja na kuacha pengo la kupitisha panya. Fundi hakuwa na shida ya mikono. Shida ilikuwa maji.

Mbao iliyotoka kupasuliwa inabeba maji mengi. Kwa samani za ndani inafaa ikauke mpaka yabaki kama 12%. Ukiipanga kivulini na vijiti katikati, itachukua miezi. Ukiwa na tanuri la kukaushia, siku kadhaa au wiki mbili hivi zinatosha. Lakini nani atajenga tanuri? Benki inataka mkopo ulipwe kwa miaka, na wewe hujui kama mwezi ujao kutakuwa na magogo. Kwa hivyo leseni ikifunguliwa, kila mtu anakimbia: kata, pasua, uza ikiwa mbichi kabla hawajafunga tena. Hakuna mtu ananunua msumeno mpya, kwa hivyo ile mizee inabaki ikila zaidi ya nusu ya gogo kuwa mabanzi na unga. Fundi wa mtaani ananunua mbao ikiwa bado inatoa jasho, na mteja anasema "local ni mbaya."

Sasa umeona ile namba ya miaka 30 inavyofanya kazi. Mti unapangwa kwa miaka 30, kiwanda kwa miaka 10, na sisi tumeendesha hii sekta kwa matangazo ya siku 90. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki inatoza samani za nje ushuru wa 35%. Poa. Lakini ushuru haukaushi mbao. Unafanya tu kitanda cha nje kiwe ghali, na chako kiendelee kujikunja.

Kitu kinaweza kuguswa sasa hivi kipo. Nyumba za serikali zinajengwa, hata hapa Bondeni, na ahadi ni kwamba milango itoke kwa jua kali. Basi kabla ya ahadi, kaunti ijenge tanuri moja la kukaushia, fundi alipie kwa futi kama vile tunavyolipia posho mill kwa kilo. Huduma ya Misitu nayo itoe kalenda ya kukata na kupanda ya miaka 10, ibandikwe hadharani Elburgon, Njoro na Maji Mazuri, kila mtu aone ni sehemu gani itakatwa lini, na nani atapanda tena. Asipopanda, asikate nyingine. Waogiek wawe mezani hiyo kalenda ikiandikwa, wasiitwe baadaye kupiga picha.

Mwaka ujao wanasiasa watakuja hapa kwetu, na najua mbao itatajwa, kwa sababu Elburgon na Molo hakuna kampeni bila mbao. Watauliza kama tunataka msitu ufunguliwe. Usipige makofi bado. Muulize utafunguliwa kwa miaka mingapi, na tanuri litakuwa wapi.