Alaska kwa Meli na kwa Bara: Ya Kupanga Kabla ya Kutoa Arbuni

Siku hizi ni nadra kukuta mtaa wa Mombasa, Malindi au Lamu usio na kijana aliyehamia Marekani au Kanada. Vijana hao wakishatulia huwaita wazazi wawatembelee, na mojawapo ya safari wanazozipendekeza ni Alaska: siku saba hivi melini, kisha siku nne au tano bara. Ni safari ya maajabu, lakini ni ghali, na yanayoiharibu mengi hutokea kabla ya mtu kufunga mzigo. Makala haya yaeleza mambo ya kupanga, moja baada ya jingine.

Nchi yenyewe

Alaska ni jimbo la Marekani lililonunuliwa kutoka Urusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2. Ukubwa wake ni karibu mara tatu ya Kenya nzima, ilhali wakazi wake hawafikii hata wa kaunti ya Mombasa. Miji kadhaa haina barabara ya kuifikia. Juneau, mji mkuu wa jimbo, hufikiwa kwa ndege au kwa chombo cha majini tu. Ndiyo sababu meli na bara huunganishwa: meli hukuonyesha pwani, visiwa na barafu ya kusini-mashariki, na gari moshi au basi hukupeleka ndani kwenye milima na wanyama.

Njia mbili za meli

Ya kwanza ni ya kwenda na kurudi, aghalabu kutoka Seattle. Ya pili ni ya upande mmoja, kati ya Vancouver nchini Kanada na bandari ya Whittier au Seward, zilizo karibu na Anchorage. Anayetaka kuunganisha na bara atafute hii ya pili, kwani humshusha pale pale reli inapoanzia au humchukua inapoishia.

Katika njia zote mbili Kanada haikwepeki. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 huzizuia meli za bendera ya kigeni kubeba abiria kati ya bandari za Marekani bila kugusa nchi nyingine, na meli kubwa karibu zote ni za bendera ya kigeni. Hivyo ile ya Seattle nayo hutia nanga Kanada, mara nyingi Victoria.

Viza: hapa ndipo familia hugawanyika

Mwenye pasipoti ya Kenya ahitaji viza ya Marekani na viza ya Kanada. Usidhani kuwa kutoshuka melini huko Victoria kutakuokoa.

Kijana aliyeko Marekani kwa ukaazi wa kudumu huingia Kanada bila viza, akiwa na pasipoti na kadi yake ya ukaazi. Kwa kuwa yeye hakuhitaji, huenda asikumbuke kuwa mamake ahitaji. Tiketi hukatwa za watu sita, na siku ya kupanda meli mama huzuiwa gatini akiwatazama wenzake wakiingia. Fedha hazirudi, na aibu haina bima. Kabla ya kulipa chochote, andika karatasi yenye jina la kila msafiri, pasipoti yake, na viza anayoihitaji kwa kila nchi.

Hesabu pia idadi ya kuingia. Ukitua Vancouver, ukapanda meli hadi Whittier na kurudi nyumbani kutokea Anchorage, umeingia kila nchi mara moja. Lakini ukifikia kwa mwanao Seattle, ukavuka kwenda Vancouver, kisha ukarejea Marekani kwa meli, umeingia Marekani mara mbili. Hakikisha viza yako yaruhusu hilo. Angalia vilevile matembezi ya bandarini: huko Skagway kuna reli ya zamani iliyojengwa kati ya 1898 na 1900, na baadhi ya safari zake huvuka mpaka wa Kanada.

Anza maombi ya viza mwaka mmoja kabla. Tarehe za mahojiano hazitabiriki.

Msimu

Meli huenda kati ya mwishoni mwa Aprili na Septemba au Oktoba, yaani takriban msimu wetu wa kusi. Mei na Juni mvua ni chache zaidi huko kusini-mashariki, na bei ya Mei huwa nafuu, ila theluji bado ipo milimani. Julai ndiyo yenye joto, watu wengi na bei ya juu. Agosti mvua huongezeka, na mwishoni mwake usiku huanza kuwa na giza la kutosha kuona mianga ya kaskazini angani.

Bara kwanza au meli kwanza?

Kwa familia yenye wazee, bara kwanza ni bora. Bara kuna kuamka mapema, kubeba mizigo, kubadilisha hoteli na kukaa garini saa nyingi. Melini unafungua sanduku mara moja na kitanda chakufuata kila bandari. Mtu amalize la kuchosha angali na nguvu, kisha apumzike.

Ila usishuke kwenye ndege ukaanza safari siku hiyo hiyo. Alaska iko nyuma yetu kwa saa 11 wakati wa kiangazi, na mwili wataka siku mbili kuzoea. Na anayeanza na meli afike mji wa bandari siku moja kabla. Ndege ikichelewa, meli haingoji.

Bara: Denali

Kiini cha ziara ya bara ni Hifadhi ya Taifa ya Denali. Mlima wake una urefu wa mita 6,190, zaidi ya Kilimanjaro wenye mita 5,895. Serikali ya Marekani iliurejeshea jina la Mount McKinley mwaka 2025, lakini hifadhi bado yaitwa Denali. Mlima hufichwa na mawingu siku nyingi, na wageni wengi huondoka bila kuuona. Lala huko siku mbili au tatu, si moja.

Barabara ya hifadhi ina maili 92, na magari ya binafsi huruhusiwa maili 15 za mwanzo tu. Baada ya hapo ni mabasi ya hifadhi. Tangu Agosti 2021 maporomoko ya ardhi yaliikata karibu na maili 43, kwa hiyo uliza imefunguliwa hadi wapi kabla ya kukata tiketi ya basi. Wanyama wa kutazamia ni dubu, mbwa mwitu, kondoo weupe wa milimani na moose, mnyama wa jamii ya paa aliye mkubwa kuliko farasi.

Gari moshi kutoka Anchorage hadi Denali huchukua takriban saa saba na nusu, na hadi Fairbanks saa 12. Ukipita kando ya ghuba ya Turnagain Arm karibu na Anchorage, usishuke kutembea kwenye tope. Sisi twajua bamvua ya mita nne. Huko maji hupanda na kushuka mita 9 na zaidi, na tope lake hushika mguu.

Meli: bandari na barafu

Uliza meli itapita wapi kutazama barafu. Glacier Bay huruhusu meli kubwa mbili tu kwa siku, kwa hiyo si kila kampuni ina nafasi humo. Nyingine huenda kwenye barafu ya Hubbard. Vyumba vya ndani visivyo na dirisha ni vya bei ya chini. Mwenye uwezo achukue chenye roshani. Nyangumi huonekana sana karibu na Juneau, wa aina ile ile tuwaonayo Watamu, ingawa hawa wetu hutoka bahari ya kusini.

Sala, chakula na mavazi

Kibla huko Alaska ni karibu kaskazini moja kwa moja, kama ilivyo Mombasa. Melini tumia dira, kwani chombo hugeuka. Jambo zito ni nyakati za sala. Fairbanks katikati ya Juni, jua huzama karibu saa 6:45 usiku na kuchomoza kabla kidogo ya saa 9 usiku, na giza haliingii kabisa. Muulize sheikhe wako kuhusu Isha na Alfajiri kabla ya kuondoka, ili msibishane huko.

Nyama ya halali melini huombwa mapema kwa maandishi, wakati wa kulipia. Usipoahidiwa, samaki na mboga vipo vya kutosha.

Ketchikan hupata zaidi ya milimita 3,500 za mvua kwa mwaka. Beba koti la mvua, viatu visivyopenya maji, na nguo za joto za kuvaa ndani ya buibui au kanzu. Huko Denali mbu ni wengi Juni na Julai, ila hawana malaria.

Gharama zilizojificha

Bei ya tangazo haihesabu ndege, matembezi ya bandarini, bakshishi ya kila siku ya wahudumu, intaneti, wala hoteli ya usiku wa kabla. Ziandike zote. Bima ya matibabu usiipunguze: hospitali za Marekani ni ghali mno, na mgonjwa akipatwa na jambo Denali au katikati ya bahari huenda akahitaji kubebwa kwa ndege. Mzee mwenye sukari au presha abebe dawa za siku za ziada kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na cheti cha daktari.

Bahari haishi zinge, walisema wazee. Kwa safari hii, viza ziwe mkononi kwanza; arbuni ifuate.