"Boy" na boyi: safari ya neno la Kiingereza hadi Katanga

Mwanafunzi anayeanza Kiingereza hukutana na neno "boy" katika masomo ya kwanza kabisa. Huandika pembeni "mvulana", kisha huendelea mbele. Tafsiri hiyo si kosa. Lakini mwanafunzi huyo huyo, siku atakapofungua hati za Elisabethville ya zamani, atawakuta "boys" wenye wake, watoto na mvi, na akishikilia "mvulana" wake atakuwa anaandika habari za mji usiopata kuwapo.

Tuanzie Uingereza kwenyewe. Katika maandishi ya karne ya 13 neno hili lilimtaja hasa mtumishi, mtu wa hali ya chini. Maana ya mtoto wa kiume ilipata nguvu baadaye. Asili yake bado ni jambo la mabishano kati ya wataalamu. Zamani hizo mtoto wa kiume alikuwa na jina jingine, "knave", ndugu wa "Knabe" la Kijerumani. Maneno hayo mawili yalipishana njiani: "knave" lilitoka kwa mtoto, likapita kwa mtumishi, likaishia kwa mlaghai; "boy" lilitoka kwa mtumishi likafika kwa mtoto. Kwa hiyo wale wasemao kwamba wakoloni walilichukua neno la watoto wakaligeuza kuwa la utumishi wanasema nusu tu ya habari. Utumishi ulikuwamo tangu zamani. Ukoloni uliongeza rangi ya ngozi, ukaongeza na jambo jingine zito zaidi: kwamba mwenye jina hilo hakuruhusiwa kukua.

Neno likasafiri na meli. Katika bandari za China na India, mtumishi wa kiume wa Mzungu aliitwa hivyo hivyo, awe na umri wowote. Hobson-Jobson, kamusi ya maneno ya Waingereza wa India iliyotolewa mwaka 1886, inaeleza kwamba huko lilikutana na neno la wenyeji, bōyi, jina la tabaka la wachukuzi wa machela kusini mwa nchi. Msomaji wa Lubumbashi atashtuka kuona umbo hilo, ila tusiunganishe mambo kwa sababu ya kufanana kwa sauti peke yake.

Katika Katanga, Kiingereza kiliingia kwa mlango wa kusini. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na miongoni mwa wenye hisa ilikuwamo Tanganyika Concessions ya Robert Williams. Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville mwaka 1910. Wafanyakazi wengi wa miaka ya mwanzo waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Wabelgiji nao walilipokea neno katika Kifaransa chao, wakalizalisha: "boyesse", mtumishi wa kike, "boyerie", vyumba vya watumishi nyuma ya nyumba ya bwana. Wenyeji wa mji wakasema boyi, na kwa wingi wakalipa kiambishi ba-, baboyi, kama majina mengine ya watu katika Kiswahili cha kwetu. Kamusi za Kiswahili sanifu zinaandika boi.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Neno lilipovuka kuingia Kiswahili liliacha umri nyuma. Boyi si mtoto. Ni mtu wa kazi fulani, kama vile fundi au dereva. Mzungu aliyeita "boy!" kutoka barazani alikuwa akimwita mtu mzima kwa jina la mtoto, aliyeitika alikuwa akiitika kwa jina la kazi yake. Sauti moja, maneno mawili.

Marekani ya kusini hapakuwa na kivuko cha namna hiyo, maana mtukanaji na mtukanwa walisema lugha moja. Ndiyo sababu wazoa taka wa Memphis walipogoma mwaka 1968, mabango yao yalitangaza tu kwamba wao ni wanaume. Hata mwaka 2006 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ililazimika kulijadili neno hili, katika shauri la wafanyakazi weusi wa kiwanda cha kuku cha Alabama. Iliamua kwamba "boy" peke yake, bila kutajwa rangi, laweza kuwa ushahidi wa ubaguzi, kutegemea mazingira, sauti ya msemaji, desturi ya mahali na historia ya matumizi. Ni somo zuri la semantiki, na laiti kamusi zetu nyingi zingelifuata.

Sisi tunao ushahidi wetu. Mwaka 1965, watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu wa Elisabethville walitoa kijitabu kiitwacho *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, kilichotungwa na André Yav, kwa Kiswahili cha mji huo. Johannes Fabian alikichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1990. Maandishi yalikuwa magumu kiasi kwamba Kalundi Mango alihitajika kuyasoma kwa sauti ili maana ipatikane. Humo historia ya Kongo, kuanzia mwaka 1885, inasimuliwa na boyi, na jina hilo halifichwi. Ndilo linalowapa haki ya kusimulia, kwa kuwa waliishi karibu na mabwana kuliko mtu yeyote.

Basi mfasiri afanye nini? "Mvulana" ni upotoshaji. "Mtumishi" ni sahihi lakini kunapooza mno, kwa maana kunafuta mwito wa barazani. Hata Waingereza walihangaika: riwaya ya Ferdinand Oyono, *Une vie de boy* ya mwaka 1956, ilipotafsiriwa na John Reed iliitwa *Houseboy*, yaani iliongezewa nyumba ili neno lisimame. Kwa hati za Katanga, maoni yetu ni kwamba boyi libaki boyi katika Kiswahili, na kila inapowezekana umri wa mhusika uandikwe kando yake.